Mvua ya Maji ya Betri

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, kitongoji chetu kizima kiliacha kupanda uwele kwa sababu yangu. Nalisema jambo hili mapema kwa kuwa nimechoka kulizunguka. Ndugu zangu wakilisimulia kwenye harusi hucheka mpaka wakashika mbavu, na mimi hucheka nao kwa adabu, lakini moyoni nakasirika kama siku ile ile. Nilisema kweli tupu, kweli iliyopimwa kwa vyombo vilivyosafiri miezi angani, na kweli hiyo ikatulaza njaa.

Kwetu ni upande wa Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida. Wazazi wangu walikuwa mbali kikazi, hivyo nililelewa na mama yake baba, Bibi Mwajuma, kwenye tembe lake la udongo lenye paa bapa ambalo sisi watoto tulilipanda kuanika kila kitu: mboga, ufuta, nguo, na majani ya tumbaku ambayo bibi aliyasaga ugoro. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi, na aliyechukia uongo kuliko wizi. Mwizi, alikuwa akisema, angalau anajua alichochukua.

Bibi alikuwa na mambo yake kuhusu ile nyota kubwa inayowaka magharibi jua likishazama. Shuleni tulikuja kuambiwa kwamba ni sayari, jina lake Zuhura. Nyumbani alikuwa Mke wa Mwezi. Ndiye anayebeba mtungi wa maji wa mumewe, alisema bibi, na mwaka ambao anaonekana jioni wakati wa kuandaa mashamba, mvua ya kwanza hutoka mtungini mwake. Mwezi mchanga ukimsogelea, mume amekuja kunywa, na siku za kungoja mvua hazitakuwa nyingi.

"Mwanamke mwenye mtungi hasemwi vibaya," aliniambia zaidi ya mara moja, tukiwa tumekaa nje tunapukuchua. "Anasikia. Ukimsema atageuka na mtungi wake aende zake, na wewe uliyesema ndiye utakayeyatafuta maji."

Halafu kulikuwa na desturi ya kuonja. Katika ukoo wetu mvua ya kwanza haikuwa ruhusa ya kupanda mpaka mwanamke mkubwa wa ukoo aionje. Alikinga kiganja, akanywa, akatema kidogo juu ya mbegu zilizomo kibuyuni, na hapo ndipo majembe yalipotoka. Mwanamke huyo alikuwa bibi. Nyumba zote za ukoo pale kitongojini zilimsubiri yeye, za Wakristo na za Waislamu. Hata wale waliosema hadharani kwamba hayo ni mambo ya giza, siku ya mvua ya kwanza ungewakuta wana shughuli fulani ya ghafla karibu na ua wetu.

Anayejua Singida anajua kwamba mvua ya kwanza haichezewi. Inaweza kunyesha siku mbili, kisha ikakaa kimya wiki nne. Uwele ulioingia ardhini siku zile mbili una nafasi ya kuvumilia. Uliobaki kibuyuni hauna.

Basi mwaka ule tukaletewa mwalimu kijana, Mwalimu Mathayo. Alikuja na sanduku la bati, viatu jozi moja na majarida mawili ya zamani yenye picha za sayari. Nadhani alikuwa mpweke, na nadhani sayansi ndiyo iliyokuwa chakula chake, maana kipindi cha maarifa kilipoisha aliendelea kuongea tu, nasi tuliokaa mbele tukaendelea kusikiliza. Alitueleza kwamba wekundu wa sayari ya Mirihi ni kutu, chuma kilichooza kikawa vumbi, na kwamba tukitaka kuiona tuangalie barabara ya kwenda Mtinko. Alitueleza kwamba Warusi walirusha vyombo kwenda Zuhura. Vya mwanzo vilipondwa na uzito wa hewa ya huko kama kopo linalokanyagwa na ng'ombe, vilivyofuata vikatengenezwa vigumu zaidi, na vichache vikafika chini vikatuma habari kwa muda usiofika hata vipindi viwili vya shule kabla ya kuzimika kwa joto. Joto la kuyeyusha risasi! Hewa yenyewe karibu yote ni ile tunayoitoa tunapopumua. Na mawingu yake si ya maji. Akageuka ubaoni akaandika herufi na tarakimu, akasema, "Asidi ya salfa. Hiyo ndiyo inayonyesha kule."

Nilizikariri zile herufi njia nzima ya kurudi nyumbani. Sijawahi kufurahi namna ile tena maishani, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa na nimezaa.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilitaka nieleweke. Jioni ile kisimani niliwaambia wenzangu kwamba Mke wa Mwezi ananyesha asidi ya salfa, wakanitazama tu. Asidi ndiyo nini? Nikatafuta mfano, na mfano ulikuwepo karibu. Mzee Ntandu, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na betri ya kuwashia injini yake, na mwaka mmoja kabla alijimwagia maji yake, suruali ikatoboka magotini na ngozi ikababuka. Kitongoji kizima kilikwenda kumpa pole na kuiangalia ile suruali.

"Maji ya betri," nikasema. "Yale yale ya Mzee Ntandu. Kule ndiyo mvua yao."

Hapo walielewa. Walielewa vizuri mno.

Siku ya tatu habari ilipofika kwa bibi ilikuwa imeota miguu na mikono. Warusi walikuwa wamempiga Mke wa Mwezi kwa chuma, mtungi wake umetoboka, maji yaliyomo yamegeuka maji ya betri, na mvua ya mwaka huu itababua watoto na mifugo. Nilipiga kelele kwamba sikusema hivyo. Nilisema vyombo vimetua, sikusema vimetoboa. Nilisema kule, sikusema huku. Lakini neno mvua nililitaja mimi, na neno betri nililitaja mimi, na Mzee Ntandu alipoulizwa kama mtoto anasema kweli kuhusu maji ya betri, aliingia ndani akaitoa ile suruali. Nani angebishana na suruali? Kulikuwa na mama mmoja jirani aliyeitwa Zuhura, mtu wa watu kabisa, ambaye tangu siku ile alikoma kuitikia shikamoo yangu.

Bibi hakunichapa. Ningependelea anichape. Aliniita ndani akaniuliza, "Umemsema?"

"Bibi, mimi nimesema kilichofundishwa shuleni."

"Sijauliza umekitoa wapi. Nimeuliza umemsema?"

Kisha bibi akaendelea kuchambua mbegu.

Mvua ilikuja siku ya Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Tangu alfajiri joto lilikuwa la kubana kifua, na bibi alikuwa ameniagiza nipande juu ya tembe nikayashushe majani ya tumbaku kabla hayajalowa. Sikupanda. Nilikuwa kisimani nagombana na watoto wa Mzee Ntandu, nawaeleza kwa mara ya kumi tofauti ya sayari na wingu. Tone la kwanza lilipoanguka nilikimbia nyumbani nikakuta watu wamejaa uani, wote wamejibanza chini ya ukingo wa paa. Akina mama walikuwa wamewafunika watoto vichwa kwa kanga. Mbuzi walikuwa wamefungiwa ndani. Harufu ya udongo uliolowa ikapanda, harufu ambayo kwetu ni sherehe, na hakuna aliyetabasamu.

Bibi alisimama mlangoni na kibuyu cha mbegu mkononi. Alikitazama kiganja chake, kisha akanitazama mimi.

"Wewe uliyesoma," akasema, mbele ya watu wote. "Ninywe?"

Nimelifikiria swali hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kwa dhati, mwanamke ambaye hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kuhusu mvua, na alikuwa tayari kulifuata jibu langu.

"Kunywa, Bibi! Haina kitu!"

"Juzi umesema maji ya betri," Mzee Ntandu akadakia.

"Yale ni ya kule! Hayafiki huku. Hata kule kwenyewe hayafiki chini, yanakauka njiani kwa joto!"

"Mvua isiyofika chini?" mtu akacheka. "Sasa hiyo inaitwaje mvua?"

"Na hii ya leo inatoka wapi?" bibi akauliza.

"Baharini, Bibi. Maji yanapanda kwa jua, yanakuwa mawingu..."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nani kati yao alikuwa ameiona bahari? Asidi ya betri waliijua, waliona suruali. Bahari ilikuwa hadithi yangu nyingine. Nilihisi machozi yananipanda, si ya huzuni, ya hasira. Nikatoka chini ya ukingo, nikaenda kwenye kile kigogo kilichochongwa mfereji kinachotoa maji ya juu ya tembe, nikaweka mdomo, nikanywa. Nilikunywa kwa pupa, funda baada ya funda, huku nikiwatazama. Yalikuwa machungu kidogo na ya rangi ya chai. Nikajifuta mdomo.

"Mmeona?" nikasema. "Mmeona?"

Wakaona. Hazikupita dakika nyingi nikaanza kutokwa jasho la baridi, dunia ikazunguka, nikatapika pale pale uani mbele ya ukoo mzima. Nilitapika mpaka nikabaki natapika hewa. Mama mmoja akapiga yowe. Bibi akakiweka kibuyu chini, akaninyanyua kwa mikono yake akaniingiza ndani, na alipotoka alisema neno moja tu kwa waliokuwa wakingoja, kwamba haonji.

Hakuna aliyepanda. Mvua ilinyesha siku ile na kesho yake asubuhi, nzuri, ya taratibu, inayoingia ardhini. Mimi nilikuwa nimelala kwenye ngozi naisikiliza inapotea.

Nilikuja kuelewa nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nilipofika kwenye ukurasa unaoeleza sumu iliyomo kwenye tumbaku na dalili zake. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikunywa maji yaliyoloweka ugoro wa bibi, majani yale yale niliyoagizwa kuyashusha nikayaacha kwa sababu nilikuwa nafundisha watu sayari. Ningekinga kiganja hewani tu, kama bibi alivyofanya kila mwaka, pasingetokea kitu. Bibi alikuwa ameshafariki. Sikuwa na wa kumwambia, na hasira ya kuijua sababu huku nimekosa wa kumweleza ni mbaya kuliko ile ya kutoijua.

Ng'ambo ya bonde walipanda. Ukoo wa huko haukuwa na desturi yetu wala haukuwa na mtoto wa darasa la tano mwenye mdomo. Ndani ya wiki mbili mashamba yao yakawa kijani, na sisi upande wetu vumbi. Kila asubuhi nikienda shule nililazimika kuyatazama. Wazee wetu walimfuata Mwalimu Mathayo kumuuliza kama ni kweli alifundisha habari za nyota kunyesha maji ya betri. Nilikuwepo, nimesimamishwa mlangoni mwa ofisi. Nilimtazama nikijua sasa ataeleza, ataandika zile herufi, mambo yataisha.

"Mimi nafundisha yaliyomo kwenye mtaala," alisema. "Mambo ya Zuhura hayamo kwenye mtaala wa darasa la tano."

Hakunitazama. Alikuwa mgeni, alikuwa kijana, aliogopa. Leo mimi ni mwalimu na nayajua hayo yote, na bado nikimkumbuka damu inachemka.

Mvua ya pili ilichelewa. Ilipokuja, watu walipanda bila kuonja na bila kuulizana, kila mtu kivyake. Uwele ule ukaanza kutoa masuke mvua ikiwa tayari inaaga, na kidogo kilichokomaa kikamalizwa na ndege wa kweleakwelea. Mwezi wa nane ghala letu lilikuwa na buibui. Maneno yakaanza kupita chini chini kwamba mvua ya mwaka ule imefungwa, na kwamba aliyeifunga anajulikana, tena alitapika dawa yake mwenyewe mbele za watu.

Kwetu huko maneno ya namna hiyo si umbea wa kupita. Siku hizi dada yangu hunitumia kwenye simu ujumbe unaosema usiku wa leo zimeni simu zenu, miale mikali kutoka Mirihi itapita karibu na dunia, watumie wote uwapendao. Mtu mwenye diploma! Nikimjibu ananiambia, "Ukiona haina madhara, si uzime tu?" Naudhika, naizima simu kweli, kwa hasira, na asubuhi yake anaandika kwamba tumshukuru Mungu imepita salama. Ninachotaka kusema ni kwamba uvumi wa sasa unamaliza chaji tu. Uvumi wa wakati ule ulikuwa unachoma nyumba.

Bibi akaamua kwenda kuhemea, yaani kwenda kutafuta chakula kwa watu waliovuna. Hakuwahi kuhemea maisha yake yote. Wengine ndio walikuja kuhemea kwake. Alikuwa na mdogo wake ameolewa Iguguno, Bibi Elinami, na akasema twende wote wawili. Tulitembea kutwa nzima, yeye mbele na magunia matupu yamekunjwa kichwani, mimi nyuma, na sikumbuki kama alisema maneno kumi.

Bibi Elinami alitupokea vizuri. Tulipewa maji, tukapikiwa ugali wa uwele na mlenda, nikala mpaka nikaona aibu. Majirani wawili watatu walikuja kusalimia, wakakaa. Nilimwamkia kila mmoja shikamoo na kuitikiwa marahaba. Kisha Bibi Elinami akauliza lile ambalo mwenyeji lazima amuulize mtu aliyekuja na gunia tupu.

"Dada, kwenu huko mvua ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeshaufungua. Hapa palikuwa na watu wapya, wasioijua ile suruali, na ningeweza kuwaeleza tangu mwanzo, polepole, kwa mpangilio, na labda hawa wangenielewa.

"Haikunyesha," bibi akasema.

"Hata ya kwanza?"

"Hata tone."

Wakasikitika, wakasema pole, wakasema mwaka ni mbaya. Nikabaki nimemkodolea macho. Huyu aliyechukia uongo kuliko wizi alikaa pale kwenye kigoda cha mdogo wake, uso mkavu, akaidanganya damu yake. Hakunitazama.

Kesho yake tulirudi na magunia mawili, kubwa lake na dogo langu. Nilivumilia mpaka nyumba za Iguguno zikapotea nyuma yetu.

"Bibi, mbona umemdanganya? Mvua ilinyesha."

"Ilinyesha."

"Sasa mbona..."

"Mtoto anayefunga mvua kwa mdomo wake, watu humwitaje?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja na jina nililijua. Kila mtoto wa kwetu alilijua. Nilijua pia kwamba kuna mama mmoja wa kijiji cha pili aliyeitwa hivyo, na ua wake sasa uliota magugu.

"Basi," bibi akasema. "Kitongojini nitawanyamazisha mwenyewe, wananijua. Huku jina likishafika, sitaweza kulifuata."

"Lakini mimi sikuifunga! Nilisema kweli!"

Alisimama, akautua mzigo wake, akanitua na wangu, akachota uwele kwenye gunia langu akaumimina kwenye lake, kama nusu yake, akafunga. Kisha akanitwisha.

"Ulimsema, akaondoka," akasema. "Nilikukataza." Na akatangulia.

Hakubadilisha neno hilo mpaka anakufa. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikarudi likizo nikamweleza upya na vitabu mkononi, naye akanisikiliza kwa subira, akanimiminia uji, akasema nimekua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo ninapoandika. Nilitaka siku moja tu aseme nilikuwa sahihi, na hakusema.

Nimefundisha kemia miaka mingi na kila mwaka nafika kwenye asidi, naziandika zile herufi na tarakimu ubaoni. Mwalimu Mathayo alijua fika kwamba sina kosa, akanikana mlangoni mwa ofisi yake. Bibi aliamini kwa moyo wake wote kwamba mimi ndiye niliyetukosesha mvua, kwamba njaa ile yote ni yangu, na kwa imani hiyo hiyo akaenda Iguguno akasema uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Wanafunzi huniuliza kwa nini nasimama kidogo nikiwa nimelipa darasa mgongo. Huwa nawaambia chaki imekatika.